Ijumaa Hatuchomi

Vijana wangu wa maabara, mwezi uliopita nilipopita hapo kuchukua kikombe changu cha chai nilichokisahau kabatini, nilimsikia mmoja wenu akimweleza mgeni habari za kile kibao kilichobandikwa juu ya tanuru. Kibao kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: IJUMAA HATUCHOMI. Mgeni aliuliza sababu, akajibiwa kwa uhakika kabisa kwamba wazee wa Nachingwea ni watu wa dini, na tangu enzi na enzi moto wa maabara hii unaiheshimu sala ya Ijumaa. Nikachukua kikombe changu, nikaondoka. Njiani nilicheka peke yangu mpaka kijana wa bodaboda akageuka kuniangalia kama niko salama.

Sasa nimestaafu na sina wa kumwogopa, kwa hiyo nawaambia ukweli. Dini ya watu haihusiki. Kibao kile kimewekwa kwa ajili yangu mimi, Somoe, mliyekuwa mkiniita mama na kunificha mkivunja glasi. Lakini nikianza na kibao hamtaelewa. Lazima nianzie Ruangwa.

Ruangwa nilipokelewa kwenye chumba kimoja cha bati kilichokuwa stoo ya salfa ya mikorosho. Salfa ilishaondolewa, lakini harufu iligoma kuhama, na siku ya kwanza nilipiga chafya tangu asubuhi mpaka saa nne. Aliyenipokea alikuwa Mzee Nampoto, Mmakonde mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakunipa hotuba. Alinipa ufagio, kisha kitambaa, kisha mchana akanipa koleo refu la chuma na kuniambia, "Mwanangu, kikombe kilichotoka motoni na kikombe baridi vinafanana sura. Usiamini sura." Hazikupita hata dakika kumi, nikashika kikombe cha kauri kwa mkono. Kovu liko kwenye kidole cha shahada mpaka leo. Mzee alinimwagia maji tu na kuendelea na kazi yake.

Tulikuwa tunapima madini ya kinywe, yale meusi yanayoteleza mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Unasaga jiwe, unapima uzito wa unga, unautia kwenye kikombe, unaingiza kwenye tanuru la umeme. Kinywe kinaungua na kuondoka kama hewa. Unatoa kikombe, unakiacha kipoe, unapima majivu yaliyobaki. Kilichopungua ndicho kinywe. Unga ule uliingia kila mahali. Nikipenga kamasi, leso inakuwa nyeusi. Mama mkwe wangu aliniuliza mara mbili, kwa adabu zote, kama ni kweli nimeajiriwa na serikali au nauza mkaa.

Mzee Nampoto alikuwa na sheria moja tu, na aliitamka kila siku kana kwamba ameigundua asubuhi hiyo: "Choma, pima. Choma tena, pima tena. Namba ikikaa, na wewe kaa." Maana yake, usiridhike na uzito wa mara ya kwanza. Rudisha kikombe motoni, kipoze, pima upya. Uzito ukiwa uleule, basi moto umemaliza kazi yake. Ukipungua, moto ulikuwa bado, endelea. Kwenye kinywe namba ilikaa kila mara. Nilichoma mara ya pili kwa miaka, nikapima mara ya pili kwa miaka, na sikumbuki hata siku moja namba ilibadilika baada ya weusi kuisha. Weusi ukiisha, kinywe kimeisha, basi. Moyoni nikaamua kwamba mzee wangu anapenda tu kutumia umeme. Alipostaafu na kurudi kwao Newala kulima, mimi nikabaki mkubwa wa chumba, na kuchoma mara ya pili kukastaafu pamoja naye.

Jamani, kumbukeni hilo. Jicho langu nililifundisha Ruangwa, kwa madini yasiyodanganya rangi.

Baadaye tukahamishiwa Nachingwea, kwenye jengo hili mlilopo sasa, lenye vigae na feni inayopiga kelele. Hapo ndipo zilipoanza kuletwa sampuli za madini adimu. Wenzetu wa mjini wanayataka kwa ajili ya sumaku na simu na magari ya umeme, sisi tuliletewa mchanga kwenye mifuko ya plastiki yenye lebo. Kazi yake ilikuwa ndefu. Mchanga unayeyushwa kwa asidi, unasafishwa, unachujwa, kisha unaongeza asidi ya oksaliki taratibu. Maji yaliyokuwa meupe kama ya bomba yanachafuka ghafla, na chini kinatua kitu laini cheupe kama unga wa muhogo. Hiyo ndiyo oksaleti. Mara ya kwanza nilipoiona ikitua nilimwita mlinzi aje aone, naye akaja, akaangalia, akaniuliza kama inaliwa.

Oksaleti ukiichoma haiungui kwa mkupuo. Inavua nguo moja moja. Kwanza yanatoka maji. Kisha inavunjika, sehemu inaondoka kama hewa, inabaki kabonati. Kisha, moto ukizidi na muda ukitosha, kabonati nayo inaachia hewa yake ya mwisho, na kinachobaki kikombeni ni oksaidi, yaani madini yenyewe na oksijeni yake tu. Hicho ndicho unachopima. Ruangwa tulipima kilichoondoka, Nachingwea tukawa tunapima kilichobaki. Ilinichukua wiki nzima kuizoesha akili yangu.

Halafu kulikuwa na rangi. Unga mweupe kabisa unaingia motoni, unatoka na rangi ya mdalasini. Niliipenda rangi ile kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Nikichungulia kikombe na kuona mdalasini umetulia sawasawa mpaka chini, nilijisikia kama nimepika mwenyewe. Nikasema, hapo tayari. Weusi ukiisha, kinywe kimeisha. Mdalasini ukitokea, oksaleti imeisha. Kwangu ilikuwa hesabu ileile.

Wakati huo ndipo alipokuja Minza. Mnamjua, ndiye mkubwa wenu sasa, na akisoma hapa atasema nimeongeza chumvi. Wazazi wake walihama kutoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao wakafikia Ruponda, yeye akaja kwetu na stashahada yake na kalamu tatu mfukoni. Wiki ya pili akaniuliza, kwa heshima, mikono nyuma:

"Mama, samahani. Mbona hatuchomi mara ya pili? Chuoni tulifundishwa turudie mpaka uzito usibadilike."

Mimi nikiulizwa kitu na mtu mwenye kalamu tatu huwa napandisha mori. Nikamwambia, "Wakati wewe unachunga ng'ombe wa baba yako, mimi nilikuwa nachoma."

Akazisawazisha kalamu zake mfukoni. Kisha akasema, bila hasira, "Ng'ombe nao tunawahesabu mara mbili, mama. Wakitoka na wakirudi."

Salumu, mwenzetu aliyekuwa anasaga mawe, alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Mimi sikucheka. Nilimpa Minza kazi ya kuosha glasi wiki nzima, na nilijiona nimemfundisha adabu.

Sasa tuje kwenye Ijumaa. Tulikuwa na sheria kwamba tanuru haliwaki bila watu wawili chumbani, na sheria hiyo ni nzuri, msiiguse. Siku za kawaida tuliwasha asubuhi na kuzima alasiri. Lakini Ijumaa, Salumu na mlinzi wanakwenda msikitini, na mimi nakimbilia nyumbani, kwa sababu mume wangu, Bakari, hajawahi katika maisha yake kurudi kutoka sala ya Ijumaa peke yake. Leo atakuja na wawili, wiki ijayo wanne, mara moja alikuja na msafiri wa Masasi ambaye hakuna aliyejua jina lake mpaka alipomaliza kula. Kwa hiyo Ijumaa tuliwasha mapema, na saa tano na nusu tunazima, tunatoa vikombe, tunafunga mlango. Nikirudi baada ya pilau vikombe vimepoa, rangi ya mdalasini ipo, napima, naandika, nasaini. Tulifanya hivyo miaka. Hakuna aliyelalamika.

Ndipo ikaja sampuli ya Naipingo. Timu moja ya watafiti wa madini ilikuwa inazunguka wilayani, na mkuu wao, mjiolojia anayeitwa Temba, alikuwa ananiletea mifuko kila wiki. Walikuwa wamejiwekea mstari: shamba ambalo mchanga wake unavuka kiwango fulani cha madini adimu linachimbwa mtaro mrefu wa uchunguzi kwa katapila, lisilovuka linaachwa. Mchanga wa shamba la mjane mmoja wa Naipingo ulivuka mstari kidogo sana. Niliupima Ijumaa. Nilisaini cheti nikiwa bado nanukia iliki.

Kama wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, Temba aliniomba twende naye Naipingo tukachukue sampuli nyingine, nione mwenyewe jinsi zinavyochotwa. Nilifurahi, maana mtu wa maabara anaishi na mchanga maisha yake yote bila kuona ulikotoka. Tukafika kwenye shamba la mikorosho iliyojaa maua, nyuki wanavuma juu mpaka inabidi upaze sauti. Kila mkorosho ulikuwa na namba ya rangi nyekundu kifuani, waliyoiandika vijana wa Temba, kuanzia moja mpaka arobaini. Mitatu ya mwanzo ilikuwa imeshakatwa ili gari lipate njia. Temba akanionyesha kwa mkono mahali mtaro utakapopita, katikati kabisa ya shamba, na akasema katapila linakuja Jumatatu.

Mwenye shamba alikuwa amekaa uani anakaanga korosho zilizobanguliwa, kikaango juu ya mafiga. Anaitwa Bi Tatu. Temba akanitambulisha kwa furaha, "Bi Tatu, huyu ndiye mama aliyeupima nchanga wako." Aliiga lafudhi ya kwetu, akidhani anapendeza.

Bi Tatu akanitazama toka miguuni mpaka kichwani. "Ee, kumbe ndiye wewe. Basi karibu ukae, mwanangu. Ntu anayepima lazima apumzike."

Nikakaa. Temba akaenda na vijana wake kuchota mchanga. Nikamuuliza Bi Tatu mikorosho ni ya lini.

"Hii? Tumeipanda mimi na marehemu mwaka tuliooana. Yeye anachimba shimo, mimi natia mbegu. Kila nkorosho najua siku yake." Akageuza korosho kwa mwiko. "Huo wa mwanzo walioukata tuliupanda siku ya harusi. Watu wanatusubiri kwenye ngoma, sisi tuko shambani. Mama yake alikasirika, ee!" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Wamesema nchanga wangu una mali ya taifa. Mimi siwezi kukatalia taifa. Lakini wewe uliyepima, una hakika?"

"Nina hakika, mama," nikasema. Nilisema haraka, kama mtu anayeitikia salamu.

"Haya." Akanisogezea kikaango. "Kula."

Korosho zilikuwa za rangi nzuri mno, kahawia iliyokolea sawasawa. Nikachukua moja, nikapuliza, nikatafuna. Ilikuwa mbichi. Ilinata kwenye meno kama nta. Bi Tatu aliniona nikihangaika, akapiga makofi kwa kicheko.

"Bado hizo! Umeona rangi ukadhani zimeiva. Moto ukiwa nkali rangi inawahi, mwanangu. Ndani bado mbichi."

"Sasa wewe unajuaje kama zimeiva?"

"Naitoa moja, naiacha ipoe, naivunja. Nikiona bado, narudisha. Naitoa nyingine, naivunja. Mpaka ivunjike kama ile ya kabla yake. Rangi mimi siiangalii hata."

Nawaambia kweli, niliacha kutafuna. Ilikuwa kama Mzee Nampoto amekaa mbele yangu, amevaa kanga na kushika mwiko. Choma, pima, choma tena, pima tena. Na hapohapo nikaliona kosa langu lote kama lilivyo. Kwenye oksaleti ile hakuna chuma kimoja, kuna vyuma kadhaa vinavyosafiri pamoja. Kimoja kinaitwa praseodimi, na hicho ndicho kinacholeta rangi ya mdalasini, tena kinaileta mapema, moto ukiwa bado wa wastani. Lakini mwenzake, lanthani, ni mbishi. Ile hewa yake ya mwisho haiachii mpaka moto uwe mkali na umkalie muda mrefu. Praseodimi kidogo tu kinapaka rangi kikombe kizima, na lanthani anajificha humo ndani akiwa bado na kabonati yake, mzito kuliko anavyostahili. Siku nyingine, tukizima alasiri, anakuwa ameshaachia. Ijumaa saa tano na nusu, je?

Nikaangalia zile namba nyekundu. Uzito wa ziada ndio uliouvusha mchanga ule mstari. Huenda hakukuwa na mali ya taifa hapo, kulikuwa na hewa ambayo sikuipa muda wa kutoka.

Sikumwambia Bi Tatu kitu, kwa sababu sikuwa na hakika, na neno hilo nilikuwa nimeshalitumia vibaya mara moja siku hiyo. Nilimuaga, nikapanda gari, na njia nzima nikahesabu Ijumaa kwa vidole.

Tulirudi Minza akiwa bado hajafunga ofisi. Nikamwomba anishushie kile kichupa cha majivu ya sampuli ya Naipingo, maana huwa tunayahifadhi. Nikachukua kidogo kwenye sahani ya glasi, nikadondosha tone la asidi. Oksaidi iliyochomwa sawasawa inayeyuka kimya. Hii ilitoa mapovu. Yalikuwa madogo na machache, lakini yalikuwa mapovu. Minza aliyatazama, akanitazama mimi. Angesema "nilikuuliza, mama," nisingekuwa na pa kujificha. Alifungua kabati, akatoa oksaleti nyeupe iliyobaki ya sampuli ileile, akauliza tu, "Kesho tuwashe saa ngapi?"

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Tukawasha saa moja na nusu. Saa tano na nusu Salumu akaanza kuvaa kanzu na kuniangalia nizime kama kawaida. Nikamwambia nenda, mwanangu, tuombee, leo hatuzimi. Mimi na Minza tulikuwa wawili, sheria ilitosha. Tukatoa kikombe kwa koleo, tukakipoza kwenye chombo chake, tukapima. Rangi ilikuwa mdalasini safi, na kwa siku zote zile ningesaini hapohapo. Tukakirudisha motoni. Tukatoa, tukapoza, tukapima. Namba imeshuka. Moyo wangu nao ukashuka. Tukarudisha.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Bakari.

"Mke wangu, uko wapi? Wageni wameshanawa."

"Niko kazini. Wako wangapi?"

"Watano."

"Kuna mihogo chini ya meza. Na chumvi unajua ilipo."

"Somoe, mmoja ni shemeji wa kadhi!"

"Mpe muhogo mkubwa," nikasema, nikakata.

Bakari anaisimulia hadithi hiyo kila harusi, na kila mwaka wageni wanaongezeka, sasa wamefika kumi na wawili. Siku ile sikuwa na nafasi ya kucheka. Tukatoa kikombe mara ya tatu, namba ikashuka tena, kidogo. Mara ya nne ikashuka kwa unywele. Mara ya tano haikuteremka. Minza akasema, "Turudie." Mara ya sita ilikuwa ileile. Namba imekaa. Tukakaa na sisi, kila mmoja kwenye kiti chake, jasho linatutiririka. Minza akapiga hesabu, nami nikapiga yangu, tukabadilishana karatasi. Mchanga wa Bi Tatu haukuvuka mstari. Ulikuwa chini yake, na haukuwa karibu kama nilivyotamani.

Jumamosi asubuhi nikamfuata Temba kwenye nyumba waliyopanga hapa mjini. Nilikuwa nimebakiza miezi michache tu nistaafu. Sitawaficha, njiani nilifikiria kurudi nyumbani. Nani angejua? Cheti kilishatoka, katapila lingechimba, wangekuta kidogo, wangesema ndivyo utafiti ulivyo, wangeondoka. Ni mikorosho tu ingekosekana, na mikorosho haina lalamiko. Nilisimama kwenye kona ya soko muda mrefu mpaka mama muuza vitumbua akaniuliza kama nasubiri chenji.

Temba alisoma karatasi mpya mara mbili. "Mama, mbona cheti cha kwanza kina saini yako?"

"Na cha pili kina saini ileile. Nimekuja kuifuta ya kwanza."

"Unajua nimeshaita katapila? Unajua nitamwambia nini bosi wangu?"

"Mwambie mama wa maabara alipima rangi badala ya uzito. Mwambie na jina langu, asije akadhani ni Minza."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Alitembea uani, akapiga simu, akazungumza kwa sauti ya chini, akarudi. Akasema katapila haliji Jumatatu. Kisha akaniuliza swali ambalo lilinifanya nimheshimu mpaka leo: "Na vyeti vingine vya Ijumaa?" Nikamwambia tutavirudia vyote, na ndivyo tulivyofanya, mimi na Minza, kiangazi kizima. Tulifungua daftari, tukatafuta kila Ijumaa, tukachoma upya. Vingine havikubadilika, vingine vilibadilika, na kila kilichobadilika nilikipeleka mwenyewe kwa mikono yangu. Majivu ya siku zisizo Ijumaa tuliyajaribu kwa tone la asidi, hayakutoa povu hata moja.

Jumapili nilikwenda Naipingo kwa bodaboda. Pale kijiweni kijana mmoja alishapata habari, akaniambia, "Mama, umetuzingua. Tushajipanga na ajira za mtaroni." Alikuwa amejipanga kweli, niliona buti mpya miguuni. Bi Tatu nilimkuta anafagia. Nikamweleza yote bila kuficha, moto, rangi, saa tano na nusu, pilau. Alisikiliza akiwa ameegemea ufagio.

"Kwa hiyo hawachimbi?"

"Hawachimbi, mama."

"Na ile mitatu?"

Nilijiandaa kwa maswali mengi njiani, hilo sikuliandaa. Nikasema, "Ile nimeikata mimi."

"Wewe hujashika panga."

"Nilishika kalamu."

Nililia, mtu mzima na miwani yangu. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Alimaliza kufagia, akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya chai, akakaa karibu yangu. Tulikunywa mpaka chai ikaisha.

Jumatatu ile nilimpigia Mzee Nampoto, Newala. Simu yake inakatakata maneno kama yeye mwenyewe. Nikamweleza kila kitu. Akauliza tu, "Namba imekaa?" Nikasema imekaa, mzee. "Basi na wewe kaa," akasema, na nikasikia kuku wake nyuma, na nikajua amenisamehe, au hakuwahi kushangaa.

Minza ndiye aliyeandika kibao. Nilimwomba radhi mbele ya Salumu na mlinzi, kwa sababu ya ng'ombe na kwa sababu ya glasi za wiki nzima, na hapa naomba tena kwa maandishi. Alisema Ijumaa ni siku fupi, na moto nusu ni mbaya kuliko kukosa moto. Kwa hiyo Ijumaa tunaosha vyombo, tunarekebisha mizani, tunaandika lebo, na hatuchomi. Waacheni wasali wanaosali, na wenye wageni wakapike. Lakini mkiulizwa sababu, semeni ukweli: kulikuwa na mama mmoja hapa aliyeamini rangi.

Tangu nistaafu naenda Naipingo mara kwa mara. Bi Tatu amekataa namba kufutwa. Anasema zimemrahisishia maisha, anawatuma wajukuu, "Kaokote chini ya ishirini na moja," na hawakosei. Mikorosho imenenepa na namba zimetanuka. Mtu mgeni akiingia shambani kwake huuliza kwa nini zinaanzia nne, na Bi Tatu humwelekeza kwangu kwa kidevu ili nijibu mwenyewe. Najibu kila mara, kwa kirefu.

Wiki iliyopita nilikuta kisiki cha namba moja, ule wa siku ya harusi, kimetoa chipukizi lenye majani mabichi yanayong'aa. Nilipiga kelele ya furaha, nikamwita aje haraka. Alikuja polepole, akainama, akaligusa jani kwa kidole.

"Usishangilie, Somoe. Hiyo rangi tu," akasema. "Tungoje kwanza lizae."